UZI: Mimea ya mashina kwenye tangi la samaki hapa Dar: istawi vipi, ishike rangi vipi

#1 KijaniKigamboni

Salaam wakuu. Maswali ya mimea ya mashina yanarudi kila wiki na majibu yake yametawanyika, basi tuyaweke hapa pamoja. Nazungumzia Rotala, Ludwigia, Hygrophila, Bacopa, Limnophila, Ammannia na Alternanthera: mimea inayopanda juu kwa shina lenye vifundo, ambayo ukikata kichwa unakipanda na kinaota.

Naanza na joto, kwa sababu ndilo linalotutofautisha na wanaoandika miongozo ya Ulaya. Wao wanafikiria maji ya nyuzi 23 hadi 25. Tangi la sebuleni Dar lisilo na AC huwa nyuzi 25 hadi 27 miezi ya kipupwe, na kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi likivuma, linafika 29 hadi 31. Kwenye joto hilo mmea unapumua kwa kasi zaidi, yaani unachoma chakula chake haraka kuliko unavyoongeza kukitengeneza. Unarefuka, majani yanakuwa membamba, vifundo vinaachana, rangi inapauka. Mtu akiona hivyo anaongeza taa. Taa ikiongezeka bila gesi (CO2, kaboni dayoksaidi inayoingizwa majini kulisha mimea) na mbolea ya kutosha, mwani unaingia. Matangi mengi hapa mjini yanaharibika kwa njia hiyo.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: kwanza shusha joto unavyoweza, pili tuliza gesi, tatu mbolea, na taa iwe ya mwisho kuongezwa.

Kushusha joto: feni mbili za kompyuta za volti 12 zikipuliza juu ya maji kwa mshazari, mfuniko ukiwa wazi, hushusha nyuzi 1 hadi 3. Hewa yetu ina unyevu mwingi, usitegemee zaidi ya hapo. Maji yatapungua kila siku, na yanapopungua chumvi zinabaki ndani. Jazia kwa maji ya mvua au ya kuchujwa, usijazie kwa maji ya kisima, vinginevyo baada ya miezi miwili utakuwa na maji magumu bila kujua yametoka wapi. Washa taa jioni, saa 11 hadi saa 5 usiku, ili joto lake lisiangukie mchana. Na tangi lisikae dirishani: jua letu la saa 12 kila siku mwaka mzima litageuza maji kuwa ya kijani.

Kupanda. Fungu ulilonunua limebanwa na kipande cha risasi au mpira. Ondoa, kwa sababu shina linapondeka pale na kuoza kwenda juu. Kata sehemu iliyopondeka kwa mkasi mkali. Toa majani ya vifundo viwili vya chini. Shika shina moja moja kwa kibano kirefu, lisukume kwenye mchanga kwa mshazari mpaka vifundo viwili vizame, kisha achia kibano na ukitoe polepole kwa upande. Ukilizamisha wima litaelea kabla hujafunga mlango wa kabati. Acha sentimita 2 hadi 3 kati ya shina na shina. Hapa ndipo wengi wanafanya papara: wanachomeka fungu zima kwenye tundu moja, mashina ya katikati yanakosa mwanga na mtiririko wa maji, yanaoza, na fungu lote linaelea.

Mchanga uwe wa mto, punje za milimita 1 hadi 3, kina cha sentimita 5 au 6 nyuma. Mchanga wa pwani una vipande vya makombe na matumbawe. Ukiudondoshea siki ukatoa povu, huo utapandisha ugumu wa maji kila siku, uache.

Karibuni.

#2 Dada_wa_Tabata

Asante mkuu kwa uzi. Naomba kuuliza. Tangi lita 120, taa ya LED wati 30 inawaka saa 9 kwa siku, gesi hakuna, mbolea ya maji ya dukani mara moja kwa wiki. Rotala rotundifolia juu ni nzuri, chini nusu nzima ya shina haina majani. Limnophila ndiyo inarefuka kama kamba. Ni upungufu wa nini?

#3 KijaniKigamboni

Dada, kwanza angalia umbali wa kifundo na kifundo. Kwenye Rotala yenye afya ni sentimita moja au chini yake. Ukikuta sentimita 2 na zaidi, mmea unakimbilia mwanga. Majani ya chini yakianguka yakiwa ya kijani au yameoza kwenye kikonyo, tatizo ni kivuli na maji yaliyotuama kati ya mashina. Yakianguka baada ya kuwa manjano kwanza, ni nitrojeni: mmea unaitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka juu.

Kwa namba zako, wati 30 za LED ni kama lumeni 2,700 hadi 3,000, yaani lumeni 22 hadi 25 kwa lita. Kwa tangi lisilo na gesi hiyo inatosha kabisa, usiiongeze. Punguza saa ziwe 7. Kisha fanya hivi:

Kata vichwa vyote vya Rotala, urefu wa sentimita 10 hadi 12, mkato uwe juu kidogo ya kifundo. Ng'oa vishina vya chini visivyo na majani na uvitupe. Panda vichwa tu, kimoja kimoja, kwa nafasi. Kichwa ndicho chenye nguvu. Kishina cha chini chenye uchi hakirudishi majani yale yale, kitatoa machipukizi pembeni tu. Kishina ambacho bado kina majani mabichi ukitaka kichaka kinene kiache: kila mkato hutoa machipukizi mawili au zaidi. Lakini baada ya kupogoa mara tatu nne kwenye mashina yale yale, juu panakuwa pazito mno na chini panakufa. Hapo ng'oa yote, panda vichwa upya. Hii ni kazi ya kawaida ya mimea ya mashina, hakuna mbolea inayoiondoa.

Usipogoe aina zote siku moja. Mimea inayokua ndiyo inayokula amonia ndani ya tangi. Ukiikata yote kwa mpigo, mwani unapata nafasi. Upande mmoja wiki hii, mwingine wiki ijayo.

#4 Upanga77

Niongeze kwa wanaonunua mimea mipya. Mashamba mengi huikuza mimea hii nje ya maji, mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani hewani. Jani la hewani ni nene na la mviringo, jani la ndani ya maji ni laini na jembamba. Ukilizamisha, majani ya zamani huyeyuka wiki 2 hadi 4 wakati mapya yanatoka. Mtu anadhani mmea unakufa, anamwaga mbolea mara tatu. Tazama kichwa: kikitoa majani mapya madogo yenye umbo tofauti, mmea unahama salama. Toa yaliyooza kwa mkono na badilisha maji asilimia 30 mara mbili kwa wiki kipindi hicho.

#5 MkemiaUbungo

Mbolea nitaieleza kwa urefu, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Chupa za madukani ya samaki nyingi ni maji yenye chumvi hizi hizi zinazouzwa kwa kilo kwenye maduka ya pembejeo kwa wakulima wa mboga na maua. Mfuko unasomwa kwa namba tatu: nitrojeni, fosforasi kwa hesabu ya P2O5, na potasiamu kwa hesabu ya K2O. Unachotafuta ni:

13-0-46, yaani potasiamu nitrati.
0-52-34, yaani monopotasiamu fosfati.
0-0-50, potasiamu salfati.
Chumvi ya Epsom, magnesiamu salfati.
Chuma kilichofungwa kwa DTPA (kemikali inayokishikilia kibaki kimeyeyuka majini), pamoja na mchanganyiko wa vijilishe vidogo: manganizi, boroni, zinki, shaba, molibdeni.

Zote ziwe zile za kuyeyuka kabisa kwenye maji. Usiguse Urea, DAP, CAN wala NPK ya 17-17-17. Hizo zina amonia au zinageuka kuwa amonia. Kwa joto letu hilo ni hatari zaidi kuliko kwenye vitabu: kwenye maji ya nyuzi 30 na pH 8, karibu asilimia 7 hadi 8 ya amonia yote iko kwenye hali inayounguza matamvua ya samaki, kwenye pH 7 ni chini ya asilimia moja.

Hesabu za kukumbuka kwa lita 100 za maji: gramu 1 ya potasiamu nitrati huongeza nitrati miligramu 6 kwa lita. Gramu 1 ya monopotasiamu fosfati huongeza fosfati miligramu 7. Gramu 10 za Epsom huongeza magnesiamu karibu miligramu 10.

Chupa A, mililita 500 za maji safi: potasiamu nitrati gramu 30, monopotasiamu fosfati gramu 5, potasiamu salfati gramu 10. Chupa B, mililita 500: chuma cha DTPA chenye asilimia 11 gramu 5, na vijilishe vidogo kwa kiasi cha lebo yake. Usichanganye A na B ndani ya chupa moja, fosfati na chuma vitashikana na kuzama chini kama vumbi. B iweke kwenye friji, gizani, maana mwanga unavunja DTPA na joto linaleta ukungu.

Kwa tangi la lita 100 lenye gesi: mililita 10 za A Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mililita 10 za B Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili badilisha nusu ya maji. Kwa wiki hiyo ni nitrati kama 11, fosfati 2, potasiamu 10, na chuma 0.3. Tangi lisilo na gesi, kama la Dada wa Tabata, chukua theluthi ya hiyo na badilisha maji asilimia 25.

Kwa nini DTPA na si EDTA? EDTA inaanza kuachia chuma pH ikipita 6.5 hivi. DTPA inavumilia mpaka karibu 7.5. Wenye maji ya pH 8 watafute EDDHA, inashikilia hata huko juu, ila maji yatachukua rangi ya waridi kwa siku moja mbili.

#6 Mbezi_Maji

Mkuu Mkemia, nimeelewa vizuri. Sasa swali la wengi: chuma kikiongezwa mmea unakuwa mwekundu zaidi? Kuna wanaoweka mara mbili kwa siku.

#7 MkemiaUbungo

Chuma kikipungua, majani mapya yanakuwa meupe-manjano mishipa ikibaki kijani, na hapo ukiongeza rangi inarudi. Kikishatosha, kuongeza hakuongezi wekundu. Kinacholishwa zaidi ni mwani.

Wekundu wa mingi kati ya mimea hii ni rangi ya anthosiyanini ambayo mmea unaitengeneza hasa kujikinga na mwanga mkali. Kwa hiyo kisababishi cha kwanza ni nguvu ya taa juu ya kichwa cha mmea. Cha pili, kwa baadhi ya aina, ni uhaba wa nitrati. Na hapa aina zinatofautiana sana, usizichukulie zote sawa:

Rotala rotundifolia na ndugu zake hugeuka kutoka kijani-pinki kuwa nyekundu nitrati ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita huku mwanga ukiwa mkali. Ludwigia repens na Ludwigia palustris nyekundu hushika rangi hata nitrati ikiwa 15, mradi mwanga upo. Alternanthera reineckii ni nyekundu kwa asili yake. Ukiinyima nitrati haiongezi rangi, inadumaa tu na majani ya chini yanatoboka. Ammannia gracilis, ya Afrika Magharibi, inatoa rangi ya shaba kwenye mwanga wa kati na inahitaji gesi iliyotulia. Hygrophila polysperma na Bacopa caroliniana ni za kijani, vichwa vyake vitapata wekundu kidogo vikikaribia taa, basi. Rotala macrandra, inayotoka India, ndiyo nzuri kuliko zote na ndiyo inayoteseka zaidi hapa: ikipita nyuzi 28 kwa wiki kadhaa vichwa vinakuwa vidogo na mashina yanayeyuka. Asiye na feni au AC aiache.

Kwa hiyo ukichanganya Rotala na Alternanthera kwenye tangi moja, usifuate njia ya kunyima nitrati. Acha maji yawe na nitrati 8 hadi 10, weka Alternanthera vidonge vya mbolea mizizini, na rangi ya Rotala itafute kwa taa.

#8 Upanga77

Na taa yenyewe iangaliwe. Balbu ya kawaida ya LED nyeupe ina upungufu wa mwanga mwekundu wa mwisho kabisa, kwa hiyo mmea mwekundu unaonekana wa kahawia hata ukiwa na rangi yake. Angalia namba ya CRI kwenye boksi: 90 na kuendelea inaonyesha rangi halisi. Ukiweza, pata taa yenye diodi nyekundu na bluu pamoja na nyeupe ya 6500 K. Kwenye vipimo vya PAR (mwanga ambao mmea unaweza kuutumia), 40 hadi 60 kwenye mchanga zinatosha Ludwigia na Rotala ya kawaida. 80 na zaidi ni za macrandra na wenzake. Ukipita 80 huku gesi ikiyumba utakuwa unafuga mwani.

Saa: wiki 4 za mwanzo 6 tu. Baadaye 7 au 8. Sijaona sababu ya kufika 10.

#9 FundiGesi

Basi niingie kwenye gesi. Hapa mjini mitungi ya CO2 mingi inayopatikana ni ile ya kuzimia moto ya kilo 2 na kilo 5. Inafaa, lakini kuna jambo la lazima. Ndani ya mtungi wa kuzimia moto kuna bomba linaloshuka mpaka chini ili litoe CO2 ikiwa majimaji. Ukifunga regyuleta bila kuliondoa, majimaji yataingia kwenye regyuleta, yatagandisha diafragamu na kuipasua. Mjazaji mwenye vifaa aliondoe mtungi ukiwa mtupu kabisa, abadilishe na valvu ya kawaida ya CO2. Usijaribu kulifungua mwenyewe.

Mnyororo wa vifaa: mtungi, regyuleta ya CO2 yenye geji mbili, solenoidi ya aina inayojifunga umeme ukikatika, valvu ya sindano, kihesabu povu, valvu ya kuzuia maji kurudi, mpira mgumu usiopitisha CO2, na difyuza (kifaa kinachopasua gesi kuwa povu ndogo ndogo) chini mkabala na mtiririko wa filta. Mpira laini wa pampu ya hewa unavujisha CO2 kupitia kuta zake na unakuwa mgumu kama plastiki baada ya miezi.

Geji ya mtungi haikuonyeshi kilichobaki. Gesi ikiwa bado majimaji, presha inafuata joto: kama bar 57 kwenye nyuzi 20, zaidi ya 70 kwenye nyuzi 30. Ikianza kushuka siku joto ni lile lile, majimaji yameisha na umebakiwa na siku chache. Ukitaka kujua kilichobaki, pima mtungi kwenye mizani. Pia CO2 ikipita nyuzi 31 haiwezi kuwa majimaji tena na presha hupanda haraka, kwa hiyo mtungi usibaki ndani ya gari lililofungwa juani, wala usijazwe kupita uzito uliogongwa shingoni.

Kuanza: povu moja kwa sekunde kwa kila lita 50 au 60. Washa saa 2 kabla ya taa, zima saa 1 kabla ya taa kuzimwa. Lengo ni pH ishuke kwa 1 kutoka pH ya maji yaliyolala kwenye ndoo siku nzima.

Kipimo cha kudumu ni kile kichupa cha kuning'inia ndani ya tangi chenye dawa ya bromothaimoli: bluu gesi ni ndogo, kijani ni kama miligramu 30 za CO2 kwa lita, manjano imezidi. Maji ya ndani ya kichupa yawe na KH (ugumu wa kaboneti) 4 kamili, ukitumia ya tangi kipimo kinadanganya. Yatengeneze: gramu 1.2 za bikaboneti ya kupikia kwenye lita 1 ya maji ya betri, kisha chukua mililita 100 za hayo ujaze maji ya betri mpaka lita 1. Nasisitiza maji ya betri ya kujazia, yale yasiyo na asidi, soma lebo. Kichupa kikae upande wa mbali na difyuza, na kumbuka kinachelewa kama saa 2.

Kwa tangi chini ya lita 60, chupa mbili za lita moja na nusu zinatosha: moja chumvi ya ndimu gramu 200 na maji mililita 300, nyingine bikaboneti gramu 200 na maji mililita 200, zenye mfuniko wa valvu. Ya hamira na sukari inafanya kazi, ila kwa joto letu inatoka kwa nguvu siku za mwanzo kisha inazimika, na gesi inayopanda na kushuka ndiyo inayoleta mwani mweusi wa manyoya.

#10 KijaniKigamboni

Fundi, hapo kwenye kijani cha 30 nakupinga kidogo, kwa Dar. Maji ya nyuzi 25 yakijaa oksijeni yanabeba miligramu 8.3 kwa lita. Ya nyuzi 30 ni 7.5. Samaki naye kwenye joto anataka oksijeni zaidi. Gesi ya 30 ambayo samaki wa Ulaya anaivumilia, hapa Januari inamfanya apande juu kuhema. Mimi ningeshauri kijani iliyokolea, inayoelekea bluu kidogo, kama 20, na mtiririko mzuri unaofikia kila kichaka.

#11 FundiGesi

Nakubali kwa tangi lenye samaki wengi na lisilo na feni. Lakini sababu kubwa ya samaki kuhema naiona kwenye uso wa maji ambao haujachezwa. Watu wanazuia uso usitikisike wakiogopa kupoteza gesi. Inua bomba la filta mpaka uso ucheze bila kupasuka, gesi itakayopotea unaifidia kwa povu mbili tatu. Usiku washa jiwe la hewa. Ukifanya hivyo na joto likiwa nyuzi 28, hiyo 30 haina shida. Ikipita 29, tufuate 20 yako.

#12 Dada_wa_Tabata

Na sisi tunaotumia kisima? Ya kwetu kipima TDS (jumla ya chumvi zilizoyeyuka) kinaonyesha 900. Yale ya bomba yanapatikana kwa mgawo.

#13 MkemiaUbungo

Dada, TDS pekee haisemi ni nini kimo ndani. Visima vingi vya Dar vina chumvi ya kawaida pamoja na ugumu. Pima GH (ugumu wa jumla) na KH kwa matone. Mimea hii inataka GH 4 hadi 8 na KH 1 hadi 6; Hygrophila, Bacopa na Ludwigia repens zinavumilia zaidi, Rotala wallichii na macrandra hazivumilii.

Ukiona KH 12, changanya sehemu moja ya kisima na mbili za mvua, utapata KH 4, na TDS ya 900 itashuka kwenye 300. Masika na vuli kinga ya kutosha. Acha robo saa ya kwanza ya mvua ioshe paa. Mabati mapya yasiyopakwa rangi yanatoa zinki, usikinge hapo. Maji yanayodondoka kwenye AC yamepita kwenye shaba, yasiingie kwenye tangi lenye kamba wa majini.

Anayetumia mvua tupu lazima ayarudishie madini. Kwa lita 100: jasi ya unga gramu 10 na Epsom gramu 6, utapata GH kati ya 4 na 5. Bikaboneti gramu 3 kwa kila KH 1. Jasi inayeyuka polepole, ikoroge kwenye ndoo ukiacha usiku kucha. Bila kalsiamu majani mapya yanajikunja na kupinda kama ndoano, na watu wanayadhania kuwa yana ugonjwa.

Ya bomba, yale ya Ruvu, shida yake kwa mimea ni ndogo, ila ondoa klorini. Yeyusha sodiamu thiosalfeti gramu 10 kwenye lita 1, tumia mililita 1 kwa kila lita ya maji unayoingiza.

#14 Mbezi_Maji

Orodha ya dalili kwenye majani tuipate kwa kifupi basi.

#15 KijaniKigamboni

Kanuni ni moja: anza kwa kuuliza jani la zamani au jipya. La zamani likiugua, ni virutubisho vinavyohama ndani ya mmea. Vitundu vidogo kama vya sindano vyenye ukingo wa manjano, hasa Hygrophila, ni potasiamu. Manjano jani zima, nitrojeni. Manjano kati ya mishipa, magnesiamu. Kijani iliyokolea isiyo ya kawaida, mmea umedumaa na madoadoa magumu ya kijani yamejaa kwenye kioo, fosfati.

Jipya likiugua: kupauka ni chuma, kupinda ni kalsiamu. Kichwa kudumaa, majani madogo yamebanana, mara nyingi ni gesi. Angalia gesi kabla ya kununua chochote.

Jani lililokwisha toboka halizibiki. Unapima matokeo kwa majani yanayotoka baada ya marekebisho, kwa hiyo badilisha kitu kimoja na usubiri siku 10 hadi 14.

#16 Upanga77

Mwani, kwa haraka. Mweusi wa manyoya: tuliza gesi, kata majani yaliyoshikwa, na yaliyobaki yapulizie haidrojeni peroksaidi ya famasi kwa bomba la sindano, filta ikiwa imezimwa kwa dakika 10. Jumla isizidi mililita 1 ya asilimia 3 kwa kila lita 4 za tangi. Chupa ikiandikwa volyumu 20, hiyo ni asilimia 6, tumia nusu. Utando wa bluu-kijani unaonuka: unyonye kwa mpira, funika tangi siku 3 bila mwanga hata kidogo, jiwe la hewa likiwaka, kisha badilisha nusu ya maji na upandishe nitrati. Madoadoa kwenye kioo: fosfati na kisu cha kukwangulia.

#17 Mwenge_Tangi

Kuhusu umeme kukatika. Taima ya kuzunguka kwa mkono inasimama nayo, kwa hiyo baada ya wiki yenye mikatiko taa yako inawaka alfajiri na gesi inaingia bila taa. Nunua ya kidijitali yenye betri ndani. Gesi na taa ziwe kwenye taima mbili tofauti. Umeme ukirudi usiku usifidie saa zilizopotea. Mmea haudhuriki kwa siku moja ya giza, ila ratiba inayorukaruka inauyumbisha. Kinachotangulia kufa umeme ukikaa muda mrefu ni samaki na bakteria wa filta, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri iwe tayari. Filta ya kopo iliyozimika zaidi ya saa 5 au 6 kwa joto hili, mwaga maji yaliyomo kabla ya kuiwasha, usiyarudishe ndani ya tangi.

#18 Mbezi_Maji

Mimea ya kuokota je? Mabwawa na vijito vya huku kuna Ceratophyllum na Ludwigia za porini.

#19 MkemiaUbungo

Ipo, na inavumilia joto letu vizuri sana. Lakini maji hayo yana konokono wanaobeba kichocho. Vaa glavu ndefu na mabuti, usiingie kwa miguu mitupu. Ukifika nyumbani osha, kisha loweka kwenye pamanganeti ya potasiamu, miligramu 10 kwa lita, dakika 10. Baada ya hapo weka kwenye ndoo peke yake wiki 2 au 3, ukitoa kila konokono na kila utepe wa mayai unaouona chini ya majani, na glavu zako zikiwa bado mkononi. Mmea wenye majani laini sana kama Limnophila utaungua kidogo kwa pamanganeti, punguza dakika ziwe 5.

Na yale mnayopogoa msiyamwage mtoni wala kwenye mtaro. Hygrophila polysperma imekuwa gugu Florida, na magugu maji ya Ziwa Victoria tunayajua. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha yaende kwenye mboji.

#20 Dada_wa_Tabata

Nimepata, wakuu. Nakata Rotala Jumamosi, Limnophila Jumamosi inayofuata, taa naiweka saa 7. Swali la mwisho: vichwa nikishapanda, mbolea ya theluthi niianze siku ile ile?

#21 KijaniKigamboni

Ianze siku ile ile, dada. Kichwa kilichokatwa kinakula kwa majani kabla hakijatoa mizizi. Mizizi myeupe utaiona kwenye kifundo cha juu ya mchanga baada ya siku 5 hadi 7. Ikishatoka usivihamishe tena, na usubiri kichwa kifike sentimita 5 chini ya uso wa maji ndipo ukipogoe.